Programu Yako Inafunguka Kwako Tu? Bado Hujamaliza

Wadau, leo sina vichekesho. Leo naongea na wewe unayejifunza C ukiwa Ukunda, Msambweni, Kinango ama Lunga Lunga, una laptopu ya mtumba ama simu peke yake, halafu kuna siku programu yako ilikataa kufunguka kwa mtu mwingine ukaamini hizi mambo za kompyuta ni za watu wa Nairobi.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane. Programu inayofunguka kwenye mashine yako pekee bado haijakamilika. Na kama hulijui hilo, lawama si yako. Ni ya wanaofundisha C, darasani na YouTube, wanaofika kwenye printf, wanapigiwa makofi, wanaondoka kabla ya ile sehemu inayoumiza. Mimi chuo nilikaa miaka miwili kabla ya kutoka. Pointa tulifundishwa wiki tatu. Kulinki hakukupata hata dakika kumi.

Kulinki ni kuunganisha programu yako na kazi ambayo mtu mwingine ameshaifanya. Hapo ndipo watu wengi huachia C, na wengi wao walikuwa wazuri.

Chukua mfano huu. Kuna dogo wa hapa Ukunda, kidato cha nne amemaliza juzi juzi. Aliandikia chama cha mamake programu ya michango: nani ametoa, nani ana deni, zamu ya nani kupokea. Kuhifadhi data alitumia SQLite, na hapo alitumia akili. SQLite ilianzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, ni ya bure, haidaiwi hakimiliki na mtu, na iko ndani ya kila simu ya Android. Kazi kama hiyo ukianza kuiandika upya mwenyewe, utazeeka.

Ukuta wa kwanza alikutana nao palepale kwake, kwenye Ubuntu. Aliandika #include ya sqlite3.h juu kabisa, akakompaili, akaambiwa:

undefined reference to `sqlite3_open'

Wengi hapa hujiuliza, "Si nimeshai-include?" Sikia. Faili la .h ni ahadi tu. Linaiambia kompaila kwamba kuna fankisheni inaitwa sqlite3_open na inafanana hivi. Mwili wa hiyo fankisheni haumo mle. Mwili uko ndani ya maktaba, na anayeenda kuutafuta ni linka, ambaye hafanyi kazi ya kubahatisha. Lazima umwambie jina:

gcc chama.c -o chama -lsqlite3

Hiyo -lsqlite3 maana yake ni "tafuta libsqlite3". Na iweke baada ya chama.c, kwa sababu linka husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye baadhi ya mashine, Ubuntu ikiwemo, ukiitanguliza inaweza kukugomea, na hutaelewa kwa nini amri ni ileile. Pia kwenye Ubuntu kuwa na maktaba yenyewe hakutoshi. Unahitaji na pakiti ya libsqlite3-dev, yenye lile faili la .h.

Dogo akavuka. Siku ya mkutano akabeba kazi yake kwenye flashi mpaka Msambweni. Laptopu ya mweka hazina ni Windows. Haikufunguka. Akarudi, akajifunza kujenga ya Windows, mkutano uliofuata akaja na chama.exe. Ikatokea dirisha: sqlite3.dll haipo. Mama mmoja akauliza kama yeye mwenye simu tu ataiona lini hiyo programu. Watu wakacheka, si kwa ubaya, lakini wakacheka. Dogo hajagusa C tangu siku hiyo, na chama kimerudi kwenye daftari.

Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia. Programu ilikuwa sahihi na hesabu zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni maarifa ya kama saa moja hivi ambayo hakuna aliyempa.

Basi tuyagawe hapa, bure.

Fikiria harusi zetu. Mpishi wa pilau anaweza kuja na masufuria yake mwenyewe, ama anakuja mikono mitupu akijua kikundi cha akina mama wa mtaa kina masufuria ya kuazima. Akija nayo, mzigo ni mzito lakini hana wasiwasi. Akitegemea ya mtaa anasafiri mwepesi, ila akifika mtaa ambao hawana, ama wanayo ya ukubwa mwingine isiyokaa kwenye mafiga yao, pilau hakuna. Kubeba masufuria yako ndiko kulinki kwa kuganda: mwili wa maktaba unaingizwa ndani ya programu. Kutegemea ya mtaa ndiyo maktaba ya pamoja: programu inabeba jina tu, na mwili unatafutwa siku ya kufungua.

Shika hilo la mwisho. Maktaba ya pamoja hutafutwa mara mbili. Mara ya kwanza wakati unajenga, na mara ya pili kila mtu anapofungua. Mara ya kwanza ni kwako. Mara ya pili ni kwake, kwenye mashine ambayo hujawahi kuiona. Na kila mtaa una taratibu zake.

Kwenye Linux mafaili haya yanaishia na .so. Programu yako inabeba jina kama libsqlite3.so.0, na ile sifuri ni namba ya toleo la makubaliano, haijawekwa kama pambo. Ukitaka kujua programu inategemea nini, andika ldd na jina lake. Kama ni programu usiyoiamini, tumia readelf -d, kwa sababu ldd inaweza kuishia kuiendesha.

Kwenye Windows ni .dll, na raha yake ni kwamba folda ya kwanza kuangaliwa ni ile iliyobeba programu yenyewe. Yaani dawa ya dogo wetu ilikuwa kuweka sqlite3.dll kando ya chama.exe, folda moja, basi. Ila angalia: programu ya biti 64 haiwezi kutumia dll ya biti 32. Saiba nyingi zina mashine za zamani, kwa hivyo uliza kwanza. Ukiona namba 0xc000007b, mara nyingi ni huo mchanganyiko.

Kwenye macOS ni .dylib, na njia ya kuipata huwa imeandikwa ndani ya programu yenyewe. Ukitumia Homebrew kwenye Mac ya Intel, maktaba zinakaa /usr/local. Kwenye Mac za prosesa ya Apple, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2020, zinakaa /opt/homebrew. Amri iliyofanya kazi kwa jamaa wa video inaweza kukataa kwako kwa sababu ya hiyo tofauti peke yake.

Na simu je? Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu vijana wengi ninaowajua huku pwani ya kusini kompyuta yao ya kwanza ni simu. Unaweka Termux, unaandika pkg install clang, na una kompaila mfukoni. Mimi naiheshimu hiyo hali kuliko watu wanavyofikiria. Lakini jua umesimama wapi. Android inatumia kerneli ya Linux, lakini maktaba yake ya C inaitwa Bionic, wakati Ubuntu inatumia glibc. Ni mitaa miwili tofauti. Programu ya Ubuntu, hata ukiitoa kwenye kompyuta ya prosesa ya ARM kama ya simu yako, itakataa, kwa sababu imezoea kipakizi cha glibc ambacho simu haina. Wakati mwingine utaambiwa faili halipo na unaliona kwa macho. Kinachokosekana ni kile kipakizi.

Kuna moja inayochekesha zaidi. Nimesema SQLite iko ndani ya kila simu ya Android. Ni kweli. Lakini kuanzia Android 7.0 ya mwaka 2016, programu za C ndani ya app haziruhusiwi kujiunga na maktaba za ndani za mfumo ambazo hazikutangazwa kuwa za umma, na ile SQLite ya mfumo ni mojawapo. Masufuria yako pale jikoni unayaona, ila mlango umefungwa. Google walikuwa na sababu: maktaba hizo hubadilika bila taarifa, na app zilizozishikilia zilikuwa zinavunjika kila simu ikisasishwa. Kwa hivyo ndani ya Termux unaleta SQLite ya Termux yenyewe, pkg install libsqlite, ambayo inakaa kwenye folda ya Termux.

Sasa naskia watu wa kubisha wakija. Nawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza: "C ni ya wazee, jifunze Python." Python nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini jaribu kuweka numpy kwa pip ndani ya Termux. Yale mafaili yaliyojengwa tayari kwa ajili ya Linux yamejengwa juu ya glibc ama musl, na simu yako ina Bionic. Itabidi ijengwe upya kutoka kwenye chanzo, na utaona kompaila ya C ikihangaika mbele yako. Umekimbia ukuta ukaukuta barabara ya pili. Python yenyewe imeandikwa kwa C, na chini ya maktaba zake nyingi kuna .so ileile.

Wa pili: "Tumia Docker, inabeba kila kitu." Kwa seva, sawa. Lakini mweka hazina wa Msambweni hawezi kuwekewa Docker ili aone nani hajatoa mia tano. Simu ya kawaida haiendeshi Docker. Na bando nani analipa? Nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka 2009, ng'ambo tu ya Likoni, lakini kuwa karibu na waya hakumaanishi una megabaiti za kuchezea.

Wa tatu ndiye namheshimu zaidi: "Basi beba masufuria yako kila mara, gandisha kila kitu ndani." Hapana, si kila mara. Aprili 2014 dunia iliambiwa kuhusu Heartbleed, tundu ndani ya OpenSSL lililoruhusu mtu kuchungulia kumbukumbu ya seva. Mashine zilizotumia OpenSSL ya pamoja zilisasishiwa maktaba moja, huduma zikawashwa upya, na programu zote zilizoitegemea zikapona. Programu iliyokuwa imeigandisha ndani ilibaki na tundu mpaka mwenyewe aijenge tena. Kama mwenyewe alishaacha kazi, pole yao.

Ila na ya pamoja ina hatari yake. Machi 2024, mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri umepandwa kwenye xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. SSH yenyewe haikuwa imeomba xz. Baadhi ya Linux ziliiunganisha na libsystemd, na libsystemd ikaja na liblzma ya xz. Rafiki wa rafiki ndiye aliyeingia na kisu. Kwa hivyo ldd si amri ya kuandika pale mambo yakiharibika tu. Ni kujua nani ameingia nyumbani kwako.

Kanuni yangu mimi ni hii, na unaweza kunipinga chini hapo. Maktaba inayogusa mtandao, nywila ama usimbaji, tegemea ya mfumo, ili mwenye mashine apate marekebisho bila kukusubiri. Maktaba ndogo inayofanya kazi ya ndani, na programu inaenda kwa watu wasio na bando la kupakua vitu, ibebe.

SQLite inaingia kundi la pili, na wenyewe wanapendekeza hivyo. Wanatoa faili moja, sqlite3.c, zaidi ya mistari 200,000, unaliweka kando ya lako na kukompaili yote pamoja:

gcc chama.c sqlite3.c -o chama -lpthread -ldl

Hakuna -lsqlite3, hakuna dll ya kutafuta. Kwenye Termux tumia clang, na hiyo -lpthread iache, kwa sababu Bionic inayo ndani. Ya Windows unaweza kuijenga hukohuko Ubuntu kwa MinGW-w64, na hapo hizo mbili za mwisho zote ziache. Chanzo kimoja, mashine tatu. Mama wa simu, mweka hazina wa Windows, na dogo wa Ubuntu wote wangekuwa ndani.

Na umeona hizo -lpthread na -ldl? Tangu glibc 2.34, iliyotoka Agosti 2021, vitu hivyo vimehamia ndani ya libc yenyewe, kwa hivyo mtu mwenye mashine mpya anaziacha kwenye video na kila kitu kinapita. Wewe mwenye Ubuntu 20.04, yenye glibc 2.31, unakataliwa. Unafikiri umekosea kuandika. Hujakosea popote. Mmetofautiana miaka.

Hapa ndipo nina jambo ambalo sitachoka kulisema. Programu iliyojengwa juu ya glibc ya zamani kwa kawaida inafunguka kwenye mpya. Iliyojengwa juu ya mpya mara nyingi inakataa kwenye ya zamani. Kwa hivyo anayetaka kazi yake ifike mbali anatakiwa kujenga kwenye mashine ya zamani. Ile laptopu unayoionea aibu, yenye betri iliyokufa na kibodi inayokosa herufi mbili, ndiyo mizani bora ya kazi yako. Ikipita hapo, ina nafasi kubwa ya kupita kwa wengi. Kampuni kubwa huweka mashine za zamani makusudi kwa kazi hiyo. Sisi tunazo bila kujipangia.

Na si hesabu za chama tu. Hata lugha yetu iko kwenye meza hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Leo ukitaka programu yako ya C iongee Kiswahili, njia iliyozoeleka ni gettext. Kwenye Ubuntu iko ndani ya glibc, hata huilinki. Ukienda Windows unahitaji libintl, faili kama libintl-8.dll. Kwenye Bionic haimo, lazima uilete. Yaani unaweza kutafsiri kila sentensi vizuri, halafu programu isifike kwa bibi wa Vanga kwa sababu hukujua maktaba yake inakaa wapi. Tafsiri bila kulinki ni barua isiyotumwa.

Kwa hivyo naomba mambo mawili.

Kwa wanaofundisha, wa darasani na wa mtandaoni: somo la pili la C, siyo la ishirini, liwe hili. Mwanafunzi aandike programu yenye maktaba moja ya nje, kisha aifungue kwenye mashine isiyokuwa yake. Darasa lisiishe mpaka ifunguke. Na ukitoa amri kwenye video, sema ni mfumo gani na toleo gani. Sekunde tano tu, na zinaweza kumbakisha mtu kwenye hii kazi.

Kwako wewe unayejifunza: kila kazi yako iwe na faili dogo lenye mistari mitatu. Inategemea maktaba zipi na matoleo yapi. Inajengwa kwa amri gani kwenye kila mfumo. Imejaribiwa kwenye mashine zipi. Andika kwa Kiswahili, hakuna atakayekushtaki. Halafu kabla hujasema umemaliza, ipeleke saiba, ipeleke kwenye simu ya jirani, ipeleke kwenye hiyo laptopu kuukuu ya binamu yako. Ikikataa, soma ujumbe polepole. Ukikatalia wakati wa kujenga, ni linka: jina halijatajwa ama faili halionekani. Ukikatalia wakati wa kufungua, ni kipakizi: uliyemtegemea hayuko mtaa huo.

Hizo ni habari za maktaba, mwanangu. Hakuna hata moja inayopima akili yako.

Na kama unamjua huyo dogo wa Ukunda, ama mwingine kama yeye, mtumie hii. Mwambie daftari la chama bado linasubiri.